Kabla Uniambie Gemu ni Fupi, Umefika Asilimia Ngapi?

Nimekaa na wachezaji wa gemu miaka mingi, kwanza nikiwa mtoto wa kulipa bob kumi kule Nakuru, sai nikiwa mwenye jointi ya gemu hapa Kondele, Kisumu, na kama kuna gemu zinaletea watu fitina bure ni hizi za kasri, mapepo na milango imefungwa. Mpira hauna hiyo shida. Ukichapwa tatu bila umechapwa, kila mtu kwa benchi ameona. Lakini hizi za kuzunguka kasri usiku ukitafuta njia, msee mmoja atakuapia ni fupi na aliimaliza, mwingine atakuambia hajawahi ona gemu kubwa hivyo, mwingine ati ni ngumu mpaka akaachana nayo, na ukiwasikiza vizuri unapata hakuna mwongo hapo, kila mtu anaongelea tu mahali alifika.

Hiyo kitu niliionea Kaptembwa, mtaa wa Nakuru. Miaka ile ya mwanzo wa 2000 kulikuwa na jointi ya PlayStation kwa kibanda cha mabati, TV mbili za Great Wall, padi zimekaushwa na jasho, na CD za kuchoma zimepangwa kwa boksi ya viatu. Wengi walikuwa wanacheza mpira na Tekken, ile ya kupigana. Kwa hiyo boksi kulikuwa na CD moja hakuna mtu alikuwa anaiguza juu ukiiweka inaanza na maandishi ya Kijapani na watu wanaonekana kwa upande, unatembea kushoto na kulia tu, na wakati huo kila mtu alikuwa anataka 3D. Tulikuwa tunaiita gemu ya kaseti, yaani ile ya zamani. Kumbe ilikuwa Castlevania: Symphony of the Night ya Konami, ilitoka Japani mwaka 1997, na hata huko Marekani ilipofika mwaka huo huo haikuuzwa sana mwanzo kwa sababu ileile yetu, watu walidhani imepitwa.

Nilianza kuicheza juu ilikuwa inakaa bila mtu na mwenye jointi, tulikuwa tunamwita tu mkubwa, alikuwa ananipea kwa bei ya chini asubuhi kabla watoto wa shule waje. Unaanza ukiwa Richter, mwanaume wa mjeledi, unapigana na Dracula mwenyewe hapo hapo mwanzo, halafu hadithi inaruka miaka michache na unakuwa Alucard, mtoto wa Dracula, nywele ndefu nyeupe, joho, upanga safi, anatembea kama mwenye nyumba amerudi. Dakika za kwanza unaua kila kitu na pigo moja. Halafu unakutana na Mauti, yule wa mundu, anaongea kidogo, na anakunyang'anya kila kitu, upanga, ngao, kofia, joho, unabaki na ngumi. Kila mtu niliyemwonyesha hapo alidhani CD imekwaruzwa. Mmoja alitoa CD akaipangusa na shati na akarudisha, bado ngumi.

Sasa shida ya pili ilikuwa memori kadi. Kadi ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na bloku 15 tu, na kwa jointi nzima tulikuwa na kadi moja. Castlevania ilikuwa inakula bloku moja tu, haikuwa na tamaa, lakini wale wa mpira walikuwa na ligi zao, na mtu akikosa nafasi anafuta kitu hajui ni ya nani. Gemu yenyewe haikuruhusu usevu popote, lazima ufike chumba cha kusevu, Alucard anaingia kwa jeneza, ndio imeshika. Kwa hivyo ukitoka chumba cha kusevu ukaenda mbali, ukapata silaha mpya, na stima ipotee, umerudi pale pale. Na Nakuru ya wakati huo stima ilikuwa inapotea bila kuaga. Mimi nafikiri ndio maana nilijua ramani ya ile kasri kuliko njia ya kwetu, unajifunza kupanga safari kutoka jeneza mpaka jeneza, unajiuliza nikienda upande huu nitapata lingine kabla mkubwa aseme muda umeisha?

Na tulimaliza. Yaani tulidhani tumemaliza. Unapanda mpaka juu kabisa, unapata Richter amekaa kwa kiti cha enzi akijiita bwana wa kasri, unampiga, anakufa, majina yanapita, kwisha. Maoni ya jointi yetu yakawa hivi: gemu poa, muziki mtamu sana, lakini fupi, na mwisho wake wa huzuni bure. Hayo maoni yalikaa kama sheria. Mtoto mgeni akiuliza anaambiwa na watu watano, ni poa lakini fupi.

Mpaka akaja msee mmoja wa chuo, alikuwa anasoma Eldoret, alikuwa amekuja likizo kwa shangazi yake, na alikuwa na CD ya Kiingereza. Akatusikiza tukisema fupi, akacheka, akauliza swali moja tu. "Mlifika asilimia ngapi?"

Sisi tulikuwa tunaona hiyo namba lakini hakuna mtu aliitilia maanani. Hiyo gemu inakuhesabia ramani umetembea kiasi gani, na ukifika mwisho kabisa inasoma asilimia 200.6. Si 100. Yaani kuna kasri ya pili. Kuna pete mbili, ya dhahabu na ya fedha. Ya dhahabu unaipata kwa kumshinda pepo mmoja wa kike anayejifanya mama yake Alucard ndani ya ndoto, maze hapo ni pabaya, unaona mama wa mtu akitaka kuuawa kumbe ni mtego. Ya fedha iko kanisani nyuma ya miiba, na miiba hiyo hupiti mpaka uvae deraya fulani kutoka makaburini chini kabisa. Kila pete ina nusu ya maandishi, ukiunganisha yanakupeleka kwa chumba cha saa katikati ya kasri, unavaa zote mbili, sakafu inafunguka, unashuka, msichana anaitwa Maria anakupea miwani. Ukivaa hiyo miwani ukienda kwa Richter unaona tufe la kijani linaelea juu yake, hilo ndilo linamwendesha. Unalipiga hilo, humgusi yeye. Na hapo ndio kasri nyingine inashuka kutoka mawinguni ikiwa juu chini.

Kelele ilitoka mpaka mama wa chipsi akaacha karai akaja kuchungulia nani amekufa.

Sisi CD yetu ilikuwa ya Kijapani, hayo maandishi ya pete hatungeyasoma hata tungekuwa nayo mkononi. (Lakini hiyo ya Kijapani nayo ilikuwa na vitu vyake, ukikaa kwa kiti na yule kichimbakazi mdogo wa mabawa anayekufuata, anakuimbia. Ile ya Kiingereza waliitoa hiyo. Nilimwambia huyo msee wa chuo akakataa kabisa, ikabidi tubadilishe CD ndio aamini.) Kwa hivyo maoni yetu yote, hayo ya miezi na miezi, yalikuwa ya nusu gemu. Na si ati tulikuwa wajinga. Tulikuwa tumecheza mpaka majina yakapita kwa skrini, nani hajui majina yakipita imeisha?

Na hata kuhusu hiyo kasri ya pili watu hawakukubaliana. Kuna wale walisema ni uvivu, wamechukua vyumba vilevile wakapindua, wakaweka mashetani wapya. Mimi hapo niko nao nusu. Muziki wa kasri ya kwanza, kazi ya Michiru Yamane, kila sehemu iko na wimbo wake, maktaba ni tofauti na makaburi, makaburi ni tofauti na kanisa, lakini ukiingia juu chini unasikia wimbo mmoja ukirudi sehemu nyingi mpaka unachoka. Halafu kuna upanga mmoja unaitwa Crissaegrim, unadondoshwa na kijidude kimoja huko maktaba ya juu chini, ukiupata gemu imekuwa rahisi kabisa, unatembea tu umefinya kitufe. Aliyeupata anasema gemu ni rahisi, ambaye hakuupata anasema ni ngumu. Unaona sasa? Ukinisikia nikiuliza "ulikuwa na upanga gani", si umbea, nataka kujua unaongelea gemu gani.

Turukie Kisumu. Nilikuja huku kikazi, kazi ikaisha, nikafungua jointi ndogo Kondele, mashine za PS4, mpira ndio unalipa kodi, tusidanganyane. Lakini mashine moja ya kona niliwekea Bloodstained: Ritual of the Night, juu ni kazi ya Koji Igarashi, mmoja wa wale walitengeneza ile ya Nakuru. Hadithi yake wateja wanaipenda. Jamaa aliacha Konami mwaka 2014, hakuna kampuni kubwa ilikuwa inataka kutoa pesa ya gemu ya upande upande, akaenda Kickstarter, mtandao wa kuchangisha pesa, mwaka 2015 akaitisha dola 500,000, watu wakatoa zaidi ya milioni 5.5. Hiyo kwetu ni harambee, na ya kushtua. Ikatoka Juni 2019 baada ya kucheleweshwa, na kabla itoke watu walilalamika kuhusu picha zake mpaka wakatoa trela inaonyesha hayo matusi ya watu halafu inaonyesha venye wamerekebisha. Napenda mtu anayejibu namna hiyo. Na waliochanga, baadhi yao sura zao zimechorwa zikawekwa kwa kuta za kasri, kwa hivyo unapita koridoni unaangaliwa na wafadhili.

Sasa wateja wangu. Wa mpira akikosa nafasi anashika padi ya kona, na ndani ya dakika kumi tayari ana maoni. Wa kwanza kusema alikuwa jamaa wa boda, aliniambia, "Omera, hii gemu haiko sawa, huyu dem anapiga lakini hawafi." Nikamwangalia, amefika kijijini, kuna mama anaitwa Dominique anauza vitu, kuna mahali pa kupika, na yeye amepita tu. Hii gemu iko na siri moja hakuna mtu anakushikia fimbo uijue, kila chakula ukila kwa mara ya kwanza kinakuongezea nguvu ya kudumu. Si ya kuponya tu, inabaki. Kuna hata bibi mmoja mzee hapo kijijini anaitwa Susie kazi yake ni kuitisha chakula, unampelekea, na watu wanamwona wa kuchekesha tu wakati gemu inajaribu kukuambia kitu, pika. Mtu wa kupika anasema bosi ni rahisi, asiyepika anatupa padi. Jamaa wa boda sai anapika kuliko bibi yake, hayo ni maneno yake si yangu.

Wa pili ni mwalimu mmoja, anakuja Jumamosi jioni, anapenda kukaa kimya. Yeye aliniambia, "Kijana, umenipa gemu imevunjika, hakuna pa kwenda." Nilimjibu, "Mwalimu, maji umeyafika?" Kumbe ndio. Hapo kwa maji ndio watu wengi wa hii gemu hukwama, na si Kisumu peke yake. Unafika mahali pamejaa maji, Miriam, yule dem unayemchezesha, hawezi kusonga ndani yake vizuri, na njia ni kuua samaki fulani huko chini mpaka adondoshe kipande cha uchawi kinachotoa mkondo wa maji, unajisukuma nacho. Lakini hivi vipande vinadondoka kwa bahati. Unaeza ua samaki na asikupe kitu, ukaondoka ukidhani hapo hakuna maana. Mimi nadhani hapo walikosea kwa kupanga, mlango wa lazima hauwekwi kwa bahati. Lakini mwalimu akasema kinyume, akasema ameipenda sana baada ya kutoka hapo, ati sasa ameanza kuua kila kitu mara mbili mbili kuona kina nini. Yaani gemu ilimfunza kwa kumtesa. Sijui kama nakubali.

Halafu kuna mama jirani, anauza samaki nje ya mlango wangu, ni mtu wa kanisa sana. Siku moja aliingia kutafuta chenji akakuta skrini imejaa damu na pepo wa mabawa. Akasimama. "Nyathina, hawa mashetani wewe unawalipia stima?" Nikamwambia mama, huyu msichana ndiye anawapiga, haabudu. Akauliza na kwani yeye mwenyewe ni nini, mbona ana maua ya vioo kifuani. Nikamweleza hadithi, ni yatima, alichukuliwa akiwa mdogo na watu wa alkemia wakamwekea vipande vya fuwele mwilini ili waite mashetani, akalala miaka kumi ndio akakosa kutolewa kafara pamoja na wenzake. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi mtoto hana makosa," akakaa kwa stuli mpaka bosi akafa, na chenji akasahau. Watu wengi huniambia gemu za kutisha zinaharibu watoto, na watoto wadogo kweli siwaweki kwa hiyo mashine, lakini huyo mama alielewa hadithi haraka kuliko vijana wote juu aliuliza huyu ni nani kabla aulize anakufa vipi.

Joto la Kisumu nalo lina maoni yake. Hiyo PS4 ya kona ikifika saa nane mchana inaunguruma kama posho mill, wa mpira wanalalamika hawasikii mtangazaji. Nimeiinua kwa vipande viwili vya mbao hewa ipite chini na napangusa vumbi kila wiki, imesaidia. Wenye jointi wengine wanajua hii.

Turudi kwa mwisho wa gemu, juu hapo ndio ugomvi uko. Bloodstained inarudia ile ya pete, kwa njia yake. Unafika kwa Gebel, mwenzake Miriam, unampiga, anaanguka, unaona ni kama imeisha. Wateja wangu wengi wameishia hapo na wamesema wamemaliza. Fupi, wananiambia, mpaka nasikia sauti za Kaptembwa. Lakini kuna jamaa wa upanga wa Kijapani anaitwa Zangetsu, mnapigana mwanzo, na baadaye ukimtafuta tena mkapigana ukashinda anakupea upanga wake. Sitasema zaidi kwa mtu ambaye hajafika, mimi huwa nasema tu, ukiwa kwa Gebel angalia mwezi. Baada ya hapo kuna sehemu nzima bado, kuna mahali kila kitu ni kikubwa, viti, meza, mbwa, wewe umekuwa mdogo kama panya.

Kwa hivyo jointini kwangu nimeweka utaratibu, si wa kuandika kwa ukuta, ni wa mdomo tu. Mtu akitaka kutoa maoni kuhusu gemu ya kona tunafungua ramani kwanza tuone namba. Mwanzo walikasirika, wakasema najifanya. Sai wenyewe ndio wanaulizana. Nimesikia kijana wa mpira akimwambia mwenzake "wewe uko 40 na unaongea," na yule akanyamaza akaendelea kucheza. Imepunguza kelele na pia imeniongezea pesa, sikatai, juu mtu akiona namba iko chini analipa saa lingine.

Hilo la kulipa ndio lilinisumbua zaidi kuliko mashetani. Mpira unalipwa kwa mechi. Gemu ya kuzunguka kasri haina mechi, mtu anaeza kaa dakika ishirini kwa ukuta mmoja akiupiga kuona kama unavunjika, na kuna kuta zinavunjika kweli, kwa hivyo huwezi mwambia aache. Nilijaribu kuhesabu kwa bosi, ikawa vita, wakawa wanakwepa bosi. Nikaweka kwa saa, na kila mtu na sloti yake ya kusevu, hapo ndio ikatulia. Na watazamaji wasilipe, mwenye jointi yeyote atakuambia nimekosea hapo lakini watazamaji ndio wanaona mlango mchezaji amepita. Kazi nusu inafanywa na wale wako nyuma ya kiti.

Halafu waliotengeneza wakaendelea kuongeza vitu bure, mwaka 2020 wakaruhusu ucheze ukiwa Zangetsu mwenyewe na wakaweka modi inayochanganya vitu visikae mahali pa kawaida, mwaka 2024 wakaleta modi za watu wawili, moja mnashindana. Hiyo ya mwisho imeniletea wale wa mpira wenyewe kwa kona, wanacheza mmoja kwa mmoja, wanalipa kwa mechi, na hawana habari ya kasri. Juzi mmoja wao ameniambia hii gemu ni ya kupigana tu, haina hadithi. Mwalimu alikuwa pale amekaa. Akamwuliza asilimia ngapi, kijana akafungua ramani, ilikuwa sifuri, akasema lakini ameshinda mechi zote. Mwalimu akaomba padi ya pili.